Tupeane uzoefu: mliosemwa mna jini kumbe ni homoni (kemikali zitolewazo na tezi za mwili)

BintiMvita: Jamani jana kwenye feri ya Likoni nimeona dada ajipepea na leso na upepo wote ule, mikono yatetemeka, macho yamemtoka, bibi mmoja nyuma yangu asema "huyu asomewe". Nikamkumbuka mamangu mdogo. Waliopitia haya ya tezi ya shingo, ilianzaje na nani aligundua?

Mama Nasra Kisauni: Hebu nikae niandike maana haya yamenikaa. Mie ilianza baada ya kujifungua, nala wali sahani mbili na nguo zote zanivuka, moyo waenda mbio hata nimelala, usiku nalala sakafuni kwa joto na ni mwezi wa saba watu wavaa sweta. Kijiko kikigonga kikombe nalia. Mama mkwe akasema nimeingiliwa uzazini, kombe nikanywa, udi nikafukizwa mpaka kifua kikabana. Siku moja Kongowea nyanya zikaniponyoka zote, miguu ikakataa, nikaanguka kwenye tope, wanawake wakaanza "limepanda, limepanda". Muuza nazi ndiye aliyenitia tuktuk. Zahanati ya kwanza wakasema mawazo, nikapewa dawa ya usingizi nirudi nyumbani. Ya pili nesi akanishika mapigo, akaniangalia shingo, akanambia meza mate. Nikameza, kitu kikapanda kikashuka. Akasema hapa pana rovu, tezi ya shingo imevimba, damu ipimwe leo leo. TSH chini kabisa, T4, homoni ya tezi ya shingo, juu. Daktari akanichorea: chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, ndiyo yatuma homoni iitwayo TSH kuisukuma thairoidi, yaani tezi ya shingo, homoni zikijaa yenyewe yanyamaza. Yangu ilishanyamaza kitambo, ila kinga ya mwili wangu ilikuwa yatengeneza kitu kinachojifanya TSH, basi tezi yamwaga tu. Ndio ugonjwa wa Graves huo. Nikapewa kabimazoli ya kupunguza homoni na propranololi ya kutuliza moyo, na leo huyo huyo mama mkwe ndiye anikumbushaye vidonge.

Zuu254: Hapo pa meza mate! Hata mie hivo hivo wallahi.

Kaka Likoni: Kuleni chumvi ya iodini na samaki, mambo yaishe.

Dada wa Maabara: Kaka usipoteze watu. Iodini ndiyo hutengenezewa homoni, akosaye ndio hutokwa na rovu. Mwenye Graves tezi ishazidi kazi, ukimzidishia iodini yaweza kumharibikia. Na chumvi ya pakiti Kenya hii sheria yataka itiwe iodini, ile ya Gongoni na Marereni ikifika dukani ishatiwa.

Kaka Likoni: Nyanyangu alipona kwa chumvi hiyo hiyo, utanambia nini?

Dada wa Maabara: Rovu la nyanyako silo hili!

Mwana wa Chuoni: Na kisomo msikitukane.

Mama Nasra Kisauni: Hakuna aliyetukana shekhe. Asomewe, lakini apimwe kwanza.

Shani Bamburi: Yetu ilikuwa vidonge vya kunenepesha. Dadangu ataka kuolewa, akanunua vya pakiti haina jina, uso ukajaa duara watu wakamsifu kapendeza. Harusi ikaisha akaacha ghafla. Akatapika, presha ikashuka, akazirai chooni, sisi twalia tushajua ni mauti. Daktari swali la kwanza: alikuwa ameza nini? Kumbe steroidi, wenyewe waita deksa. Juu ya figo kuna tezi zatoa kortisoli, homoni isaidiayo kushika presha, ukimeza ya nje kama hiyo deksa kila siku zinalala, ukiacha ghafla hazijaamka na mwili hauwezi kushika presha. Akatiwa maji na haidrokotisoni, kortisoli ya dawa, ya mshipa, asubuhi akaomba uji.

Zuu254: Yallah! Binamu yangu ameza hivo, namwambia aache leo.

Shani Bamburi: ASIACHE GHAFLA! Ndio nimeeleza hapo juu! Apelekwe kwa daktari apunguziwe pole pole.

Mzee wa Kibokoni: Yangu ni kinyume cha Mama Nasra, tezi ya shingo imelala, baridi na choo kigumu. Nameza levothairoksini, homoni ya tezi hiyo ya kidonge, tumbo tupu, nusu saa ndio chai na mahamri. Vidonge vya kuongeza damu viwe mbali masaa manne.

Kaka Likoni: Jirani yangu ameza na chai ya maziwa na yuko sawa.

Dada wa Maabara: Kapimwa lini? Na wa kabimazoli, mkipata homa au koo kuuma acheni kidonge mkapimwe damu siku hiyo hiyo, dawa huweza kushusha chembe nyeupe za damu zipiganazo na maradhi.

Zuu254: Koo langu lauma toka juzi.

Dada wa Maabara: Weka simu chini uende sasa hivi!

Mama Nasra Kisauni: Zuu uko wapi, nikufuate na tuktuk?