Mrejesho: wikendi yangu ya kwanza Hamburg

Wadau, asanteni sana. Niliuliza jinsi mgeni aliyehamia Hamburg, Ujerumani, majuzi, mwenye bajeti ndogo, anavyoweza kuuona mji wikendi moja.

Ushauri ulionifaa kuliko wote ni kivuko namba 62, kutoka Landungsbrücken hadi Finkenwerder. Tiketi ya kawaida ya usafiri wa mjini inatosha, na meli za makontena unaziona kwa karibu kabisa. Kisha nikapita kwa miguu handaki la zamani chini ya mto Elbe, la mwaka 1911. Nalo ni bure. Aliyenitajia Afrikahaus, Mungu akubariki. Ni jengo la kampuni ya meli ya Woermann, iliyofanya biashara na Afrika enzi za ukoloni, na mlangoni amesimama mpiganaji wa Kiafrika wa shaba. Nilikaa pale muda mrefu, maana na historia yetu imo humo.

Mnara wa kanisa la St. Michaelis haukufaa kitu: ukungu ulifunika bandari yote. Ngojeni siku ya jua. Soko la samaki la Jumapili nililiwahi kama mlivyoniambia. Saa tatu na nusu asubuhi linafungwa. Na chakula nunueni Jumamosi, Jumapili maduka mengi hayafunguliwi.