Mbwa wa jirani anabweka usiku kucha, mwenyewe hayupo, sheha anatuzungusha. Tumechoka!

Asalaam alaykum. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Huku kwetu Magharibi B, Unguja, kuna bwana mmoja anajenga. Nyumba haijaisha, kaweka nondo na mabati uwani, kisha kafunga mbwa. Yeye hakai hapo. Anakaa Dar, akija anakagua ujenzi, anamwachia mlinzi hela ya chakula, anarudi na boti. Sisi ndio tunaobaki na mbwa. Toka Mfungo Mosi, mwezi ule wa baada ya Ramadhani, mtaa huu haujalala.

Anaanza baada ya Isha, watu wakishapungua njiani. Akipita paka, anabweka. Ikipita bodaboda, anabweka. Kuti likidondoka juu ya bati, anabweka mpaka sauti inamkwama. Ananyamaza kidogo, na wewe ukianza tu kupitiwa na usingizi, huyo tena, na mbwa wa kule bondeni wanamjibu. Alfajiri muadhini akianza kuadhini naye anaanza kulia ule mlio mrefu, watoto wadogo wanaamka wanalia. Usituambie tufunge madirisha. Kwa joto hili, na umeme ukikatika feni imesimama, ukifunga dirisha utakosa pumzi.

Mama yangu ana presha na chumba chake ndicho kinachotazama uwa ule. Asubuhi anaamka macho mekundu, kichwa kinamgonga, akipimwa presha iko juu. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba, anakwenda skuli akisinzia. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilitoa mwongozo kwamba chumbani usiku kelele isizidi desibeli 30, na ile ya ghafla isizidi 45. Mbwa mkubwa akibweka karibu nawe anapita 80. Kwa hiyo anayesema tunadeka, aje alale kwetu usiku mmoja.

Nilimpigia simu mwenyewe. Nilimsalimia vizuri, nikamweleza kwa adabu. Jibu lake: "Dada, mbwa kazi yake kubweka. Huo ni ulinzi, hata nyinyi mnafaidika." Ulinzi gani? Mbwa anayebwekea paka, upepo na muadhini, akija mwizi kweli nani atatoka kuangalia? Hakuna mtu mtaa huu anayenyanyua kichwa tena akisikia mbwa yule. Hata mlinzi wake mwenyewe analala.

Nilikwenda mpaka pale kwenye uwa mchana nikaona kwa macho yangu. Kafungwa kwenye mpera kwa mnyororo mfupi, hauzidi urefu wa mtu mzima. Ardhi yote anayoifikia imebaki vumbi tupu, duara kamili, jani halioti. Shingoni manyoya yametoka, ngozi imechubuka pale unapokaa mnyororo wa chuma. Bati la maji limepinduka, limekauka, na jua liko utosini. Mlinzi akaniambia analishwa mara moja, jioni, ukoko na vichwa vya dagaa. Hafunguliwi. Sasa mnyama wa kuzungukazunguka na kunusa umfunge hapo mchana na usiku, peke yake, na kiu, atafanya nini kama si kubweka? Ndiyo maana hasira yangu yote iko kwa mwenye mbwa. Yule mnyama anateswa, na mateso yake ndiyo yanayotukosesha usingizi.

Hapa mtaani wameshatokea vijana wanasema dawa yake ni sumu kwenye kipande cha nyama. Nimewaambia na hapa narudia: hapana, hapana kabisa. Kwanza ni dhulma. Sote tumefundishwa chuoni, kwenye chuo cha Kurani, hadithi ya yule mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Pili, nyama hiyo ataila paka wa watu, kuku watadonoa, mtoto ataiokota. Na mawe nayo waache. Mbwa akirushiwa mawe kila siku anazidi ukali.

Wengine wanasema mbwa ni najisi, aondolewe basi. Sikubaliani na njia hiyo ya kuliingilia jambo hili. Sote huku ni madhehebu ya Shafi, tunajua akilamba chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na tunajua vile vile mbwa wa kulinda karuhusiwa. Ruhusa hiyo haisemi umtese, wala haisemi umuudhi jirani. Haki ya jirani imesisitizwa mpaka Mtume (S.A.W.) akadhani jirani atarithishwa. Bwana huyu anaijua hadithi hiyo kama ninavyoijua mie.

Na kuna jambo linanitisha kuliko kelele. Nilimuuliza mlinzi kama mbwa kachanjwa, akasema hajui. Hajui! Mnyororo ule umeliwa na kutu, siku ukikatika kuna watoto wanapita hapo kwenda chuoni. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Akikung'ata mbwa yeyote, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha hospitali siku ile ile ukapate chanjo. Usipake mafuta ya taa wala dawa ya kienyeji. Waambieni watoto wenu.

Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, nimekwenda zaidi ya mara moja. Mara kasema nimlete mlalamikiwa, mie nitamletaje mtu anayekaa Dar? Mara kasema tuzungumze kijirani. Mara ya mwisho nimemkuta barazani kwake akaniambia ana mambo makubwa ya ardhi, haya ya mbwa yasubiri. Sheria ya tawala za mikoa ya 2014 imempa sheha kazi ya kusikiliza migogoro ya wakaazi wake. Mgogoro wa mbwa ni mgogoro.

Ninachotaka ni kidogo: mbwa achanjwe, awekewe banda na maji, afunguliwe usiku ndani ya uzio azunguke, na awepo mtu wa kumwangalia. Kama bwana huyu hawezi, ampe anayeweza.

Wiki ijayo napeleka barua manispaa na nakala kwa ofisi ya mifugo ya wilaya. Majirani wameshakubali kutia saini. Aliyewahi kufikisha jambo kama hili huko aniambie: mliambatanisha nini? Rekodi ya sauti kwenye simu inakubaliwa, au wanataka waje wenyewe usiku wasikie? Na vyeti vya presha vya mama vinasaidia?