Keki za mada ya sizoni na hili joto la Dar, fondanti inanishinda, naombeni msaada

KekiNaSizoni:
Wakuu habari zenu. Mi ni mwanachuo hapa Dar, nasoma uhasibu, na nikitoka darasani mambo yangu ni mawili tu, kuoka na kuangalia sizoni. Navyopenda zaidi ni kuyachanganya, yani tukiwa tunafuatilia sizoni na wenzangu hosteli basi Jumamosi naenda kwa shangazi Mbagala naoka kitu kinachoendana nayo, rangi zake, alama zake, hata chakula wanachokula mle ndani, halafu Jumapili usiku chumba kizima tunakaa kwenye laptop moja tunamaliza epsodi zilizobaki huku tunakula. Hosteli kupika marufuku kwa hiyo kila kitu kinapanda daladala.

Sasa tumeanza upya Squid Game, ile sizoni ya Korea ya michezo ya kufa na kupona, tangu mwanzo na nimeahidi keki ya nguvu. Tatizo fondanti, ile sukari laini ya kukanda ya kufunikia na kupambia keki. Hili joto la mwezi wa pili inatoa jasho, inanata, vipambo vinalala. Oveni sina, natumia sufuria na mkaa. Wa pwani mnafanyaje? Na swali la pili, kuna mtu kaweza kubeba haya na masomo GPA isishuke? Mama ananiuliza kila akipiga simu.

FundiKekiTanga:
Mdogo wangu fondanti karibu yote ni sukari, na sukari inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kwa sisi wa pwani joto ni nusu ya tatizo, unyevu ndo mbaya. Keki yenye fondanti usiiweke friji halafu ukaitoa kwenye joto, matone ya maji yanajikusanya juu yake hapohapo na rangi zinachuruzika. Vipambo tengeneza siku mbili tatu kabla, changanya fondanti na unga wa CMC kidogo, ule wa kuifanya ikauke iwe ngumu (kijiko cha chai kimoja kwa robo kilo kinatosha), vikauke mbali na dirisha, ubandike ukishafika hosteli, usibandike Mbagala. Nayo krimu usitumie siagi tupu, siagi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 na Dar mchana saa hizi ni hapohapo, changanya nusu kwa nusu na mafuta ya mgando meupe, itasimama. Utamu wa siagi utapungua kidogo, ongeza vanila na chumvi punje.

Ila mimi ningekuwa wewe nisingefunika keki nzima. Weka krimu, chora alama moja tu iliyo wazi. Mtu anayeifahamu sizoni akiona duara, pembetatu na mraba anajua tayari.

MpishiWaEldy:
Sasa dada, mi niko Eldoret huku baridi ni yetu, lakini kwa nini uhangaike na fondanti na hiyo series yenyewe imekupea kitu cha kutengeneza? Dalgona! Ile peremende ya sukari ya kwenye mkebe, series ilipotoka 2021 kila mtu akaijaribu jikoni kwake. Sukari vijiko viwili vikubwa kwa upawa wa chuma, moto mdogo kabisa, koroga mpaka iyeyuke yote iwe rangi ya asali, toa kwa moto, tia baking soda kidogo sana ya kushika na vidole viwili, koroga haraka, itafura kwa sababu soda ikipata moto inatoa gesi. Mwaga kwa karatasi iliyopakwa mafuta, kandamiza na sahani, chora mwavuli ama nyota kabla haijakauka. Tafadhali iwe baking soda ya pakiti ya kuokea, si magadi. Na uifunge kwa mkebe usioingiza hewa, kwa sababu hapo Dar itaanza kunata haraka.

BibiWaNgambo:
Mwanangu mimi nipo Unguja, hizo tamthilia zenu siziangalii ila nakusikia raha unavyopenda kazi ya jikoni. Keki ya mkaa ukitaka iive sawa moto mwingi uwe juu, chini mdogo, wengi wanaunguza chini kwa sababu hiyo tu. Halafu fanya vileja, unga wa mchele, samli, sukari, iliki na kiini cha yai, vinasafiri na daladala havidhuriki, na kabla ya kuoka unavigonga alama uitakayo. Hili la marufuku hosteli usijaribu kulikiuka, shangazi yako yupo, mshukuru.

MbongoLeicester:
Nijibu la masomo. Mi nipo Uingereza namalizia masters na huku kile kipindi cha mashindano ya kuoka, Bake Off, kipo tangu 2010 na kila wiki ina mada yake, wiki ya biskuti, wiki ya mkate, na kadhalika. Nadiya Hussain alishinda 2015 akiwa mama wa watoto watatu, mwaka uliofuata akaoka keki ya Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 90. Nilichojifunza pale ni ule mpangilio, wiki moja mada moja, ukishachagua unaacha kuwaza mengine. Kwangu mimi sizoni ndo ilikuwa inakula usiku, kuoka hakukuwahi kunila, maana keki ina mwisho, ikiiva imeiva, lakini epsodi ikiisha nyingine inaanza yenyewe. Zima ile ya kujicheza yenyewe. Keki ya kawaida dakika 40 mpaka 45 jikoni, epsodi nyingi ni urefu huohuo, angalia moja keki ikiwa motoni, nyingine subiri Jumapili na wenzako.

Na we unasoma uhasibu, andika gharama za kila keki, mayai, mkaa, nauli, mama akipiga msomee hesabu.

KekiNaSizoni:
Jamani asanteni sana, shikamoo bibi. Nimeamua keki ya krimu nusu kwa nusu na dalgona moja moja kwa kila mtu, vileja wiki inayofuata tukianza sizoni mpya. Mpangilio wa kujicheza nimeshazima. FundiKekiTanga, CMC napata Kariakoo mtaa gani, nataka nipite Ijumaa nikitoka kipindi cha mwisho?

FundiKekiTanga:
Ulizia maduka ya vifaa vya keki, wanaouza maboksi na vibao vya keki wanayo. Nunua kopo dogo, linadumu.