F-5 yangu ilikuwa inapaa Likoni, Eldoret inakimbia tu kama mbuni

Mtoto_wa_Likoni:
Assalam aleikum wakubwa, na wadogo pia. Nina ndege ya rimoti, mfano wa povu wa ile ndege ya kivita F-5, feni ya milimita 64 tumboni, betri ya lipo ya seli 4. Niliinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa anahama. Likoni ilipaa mpaka wavuvi wakaacha kuparua samaki kuitazama. Nilikuwa naitolea kwenye simiti nyuma ya godauni: hatua 30 hivi, tayari iko juu.

Sasa kazi imenileta Eldoret. Nimepata barabara ya marram iliyonyooka, kama mita 90, naenda alfajiri kabla watoto hawajajaa. Nafungua moto wote, inalia vilevile, inakimbia, inakimbia, marram inaisha, inaingia kwenye mahindi ya watu. Mara tatu. Mara ya tatu nilimkuta mwenye shamba amekalia ndoo, ananingoja.

Niseme ukweli wote: nilipofika huku niliipamba. Jeshi letu la anga lina F-5 tangu 1978, nami nikataka yangu ifanane nazo. Nikaipaka rangi ya maji ya ukutani, mikono miwili, mabaka na bendera mkiani. Nikachonga makombora mawili ya penseli, nikayabandika kwenye ncha za mabawa. Rubani ni kichwa cha mwanasesere wa binti yangu (kesi bado inaendelea nyumbani). Mkia ukaonekana kulemea, nikagandisha sarafu sita za shilingi kumi puani. Zamani ilikuwa gramu 930, leo mzani wa jikoni unasema 1,055.

Nimebadilisha betri, nimeweka jairo (kile kifaa cha kuituliza ndege), wapi. Feni imekufa?

Turbo_wa_Thika:
Kaka, weka betri ya seli 6, habari imeisha. Itapaa hata na ndoo ya yule mzee.

Mama_Servo:
Mtoto wa Likoni, tafadhali usimsikilize huyo. Seli 4 zikijaa ni volti 16.8, seli 6 ni 25.2. Mota iliyotengenezewa 4 itazunguka kupita kiasi, na ESC, kile kidhibiti cha kasi ya mota, itatoa moshi kabla gurudumu halijageuka mara kumi. Mimi nilichoma moja hivyo, gari langu likanuka wiki nzima. Na jairo haiinui ndege, inaituliza tu ikishapaa.

Kabla ya kuhukumu feni, ipime. Chukua mzani wa ndoana, ule wa wauza samaki, ufunge kwenye mguu wa meza. Funga mkia wa ndege kwenye ndoana kwa uzi, iweke sakafuni kwa magurudumu yake, fungua moto wote sekunde tano, usome. Mwambie mtu mwingine asome, wewe shika rimoti.

Mtoto_wa_Likoni:
Nimepima, dada. Msukumo gramu 720. Likoni jamaa aliyeniuzia tulipima naye, ikatoa 890. Na mita inaonyesha ampea 46, zamani 54. Si nimesema imekufa?

Mzee_Propela:
Kijana wangu, feni yako ni nzima kama wewe. Nimekaa na ndege Nanyuki miaka mingi, za kweli, sasa mikono inatetemeka nafanya za povu. Eldoret ni kama mita 2,100 juu ya bahari. Hewa unayoipa hiyo feni ni pungufu ya ile ya Likoni kwa karibu sehemu moja ya tano. Toa tano moja kwenye 890 uone inabaki ngapi. Ampea nazo zimeshuka kwa sababu hiyohiyo: feni ina hewa kidogo ya kusukuma, mota inapumzika.

Bawa nalo linakula hewa ileile nyepesi, na umelibebesha gramu 125 za urembo. Nimekaa na karatasi: kasi ya kupaa imepanda karibu asilimia 20, na njia ya kukimbilia imekuwa mara mbili, na marram inaongeza kidogo. Halafu Likoni ulikuwa na kusi usoni, upepo ule ulikuwa unakupunguzia kazi bila wewe kujua. Huku unatoka alfajiri, jani halitikisiki.

Haya, hatua zako 30 zifanye 60, zifanye 70. Lakini wewe una mita 90! Basi hewa peke yake haikuzuii. Kasi unaipata, ila ndege haiinui pua. Nakuuliza: zile sarafu uliziweka kwa kupima kitovu cha uzito, au kwa macho?

Mtoto_wa_Likoni:
Kwa macho, mzee.

Mzee_Propela:
Nilijua. Shika ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, pale maelekezo yake yanaposema, betri ikiwa ndani. Kama pua inaanguka, bandua sarafu moja moja mpaka ilale sawa, pua ikiinama kidogo tu. Halafu iweke chini, bonyeza mkia kwa kidole kimoja. Kidole ndiyo kazi inayofanywa na mkia wakati wa kupaa. Ukilazimika kukaza, mkia mdogo kama ule hauwezi.

La pili, na hili hata Northrop, kampuni iliyoiunda, walilifanya kwenye F-5E yenyewe: mguu wa mbele wa ndege ile unarefushwa kabla ya kupaa, pua inanyanyuka kama digrii 3, bawa linaanza kuikamata hewa mapema. Ndege inaondoka ardhini bila mkia kuhangaika. Nilikuwa nazitazama zikiinamisha mkia mwanzo wa njia kama paka anayetaka kuruka. Yako ipe hivyohivyo. Kama kutoka gurudumu la mbele hadi yale ya nyuma ni sentimita 30, inua mbele milimita 15. Waya wa mguu huo ubadilishe kwa spoku.

Makombora yabaki, mepesi hayo. Rangi usirudie mkono wa tatu.

Turbo_wa_Thika:
Mzee nimenyamaza. Lakini seli 5 je?

Mama_Servo:
😂 Turbo, hapana.
Mtoto wa Likoni, jambo moja nje ya mada: kanuni za vyombo visivyo na rubani za 2020 ziko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Eldoret kuna uwanja wa kimataifa. Ulizia ruhusa kabla ndege haijapaa, maana ikishapaa hao watu hawatakalia ndoo.

Mtoto_wa_Likoni:
Nimerudi na habari. Sarafu nne zimetoka, mbili zimebaki. Kidole sasa kinabonyeza mkia kama kubonyeza kengele ya mlango. Mguu wa mbele nimeukunja kutoka spoku ya baiskeli, nikauinua milimita 16. Ruhusa nimeiulizia, na yule mwenye shamba nimempelekea kilo mbili za sukari.

Jana saa kumi jioni, upepo wa kutosha usoni. Nilihesabu hatua baadaye kwa alama za magurudumu: 58. Haikuchupa, iliacha tu kugusa chini, sikuvuta kijiti hata kidogo. Nikazunguka mara nne, nikasikia mzee wa shamba anapiga makofi peke yake.

Kutua ndiko kulikonishinda. Nilikuja polepole kama nilivyozoea Likoni, hewa ya huku ikaniangusha kutoka magotini, spoku ikapinda ikawa kama ndoana ya samaki. Mzee Propela, ulimaanisha spoku ya baiskeli au ya pikipiki?

Mzee_Propela:
Ya pikipiki, kijana wangu. Na ukitua, usifunge moto mpaka magurudumu yaguse.