Mtoto kapona tetekuwanga, sasa anapepesuka. Nisubiri?

MamaNuru
Wakuu, naombeni ushauri. Mtoto ana miaka 4, kilo 16. Tetekuwanga ilimtoka wiki 2 zilizopita, vipele vimekauka. Tangu jana anatembea kapanua miguu, anayumba, kikombe kinamwagika kabla hakijafika mdomoni. Homa hana, anaongea vizuri. Bibi yake anasema itaisha yenyewe.

Dkt_Zamu
Usisubiri, dada. Mpeleke leo kwa daktari wa watoto. Inafanana na shida ya serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Mara nyingi kinga iliyoamka kupambana na kirusi ndiyo inayoushambulia ubongo. Wengi hupona ndani ya wiki chache, kweli, ila hilo aliseme aliyempima: uvimbe kichwani, au dawa ya kifafa aliyomeza kwa bahati mbaya, huleta mwendo huohuo. Hesabu vidonge vya nyumbani kabla hujatoka.

Fizio_Pwani
Mlaze chali. Akirusha teke kwa nguvu lakini akisimama anayumba, ni mizani. Miguu ikiwa imelegea ni habari nyingine kabisa: mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla lazima aripotiwe, na choo chake kichukuliwe mara 2, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14, kuangalia polio. Mrekodi kwa simu akigusa kidole chako kisha pua yake. Mkono ukizidi kutetemeka unapokaribia, daktari atataka kuona.

Mfamasia_K
Aspirini marufuku! Ikikutana na tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa wa Reye: ini linaharibika, ubongo unavimba. Dawa za kichwa za watu wazima, hasa za mchanganyiko, nyingi zinayo. Homa ikija, parasetamo ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5: kwa kilo 16 ni mililita 10 kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Antibayotiki mtakazouziwa dukani hazitibu hili.

Dkt_Zamu
Naongezea. Degedege, usingizi mzito, shingo kukakamaa, kutapika mfululizo: hiyo ni dharura, hata usiku wa manane. Wapime malaria na sukari. Wakitaka kuchukua maji ya uti wa mgongo, usikatae. Yanasaidia kujua kama kirusi kimeingia kwenye ubongo wenyewe, na hapo asaikloviri ya mshipa, dawa ya kupambana na kirusi hicho, haitakiwi kuchelewa.

MamaNuru
Asanteni. Teke anarusha vizuri. Tunatoka sasa hivi.