Laini saba na ving'amuzi viwili katika nyumba moja: tuanzie wapi kupunguza?

Mwalimu wa Chikongola, Mtwara

Ndugu zangu wa Kusini, naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeninyima raha tangu mwisho wa mwezi uliopita. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini, na ninaishi na mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe wangu, ambaye tulimleta kutoka Newala baada ya macho kuanza kumsumbua. Siku zote nilikuwa nikiamini kwamba mawasiliano hayatugharimu sana, kwa sababu kila tunachonunua ni kidogo: leo kifurushi cha shilingi 1,000, kesho vocha ya 500, kesho kutwa mtoto anaomba bando la kusomea.

Mwezi uliopita nilitundika daftari kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, nikawaomba wote waandike kila shilingi inayoingia kwenye simu au kwenye king'amuzi. Hata mama mkwe hakuachwa. Yeye humtuma mjukuu wake dukani akamnunulie vocha, akaikwangua mwenyewe kwa ukucha wa kidole gumba, halafu mtoto akamsomea tarakimu moja moja, na safari hii mtoto alikuwa akimaliza kusoma anakwenda ukutani kuandika. Tulipojumlisha siku ya 30 tulipata shilingi 148,500. Kati ya hizo, 103,500 zilikwenda kwenye simu na intaneti, na 45,000 kwenye ving'amuzi viwili. Kiasi hicho kinazidi umeme na maji tukiviweka pamoja.

Laini tunazo saba: mbili za mume wangu, mbili zangu, moja moja za watoto wawili wakubwa, na ya bibi. King'amuzi cha dishi kiko sebuleni na tunakilipia 28,000, na cha antena kiko chumbani kwa bibi, tunakilipia 17,000. Mume wangu anasema tuondoe televisheni kabisa na mambo yaishe. Mimi naona hilo litamwumiza zaidi mtu asiyeweza kutoka nje. Sitaki pia watoto wakose masomo, wala bibi akose kuzungumza na ndugu zake wa Newala na Tandahimba. Ninyi mliopitia hali kama hii, mlianzia wapi?

Karani wa ushirika, Masasi

Mwalimu, pole na majukumu, na hongera kwa daftari, kwa sababu wengi wetu tunalalamikia bei bila kujua tunalalamikia kiasi gani. Ukigawanya 103,500 kwa siku 30 unapata shilingi 3,450 kwa siku, na nina hakika hakuna siku hata moja ambayo mlikaa mkaamua kutumia 3,450. Fedha hiyo imetoka kidogo kidogo kupitia vifurushi vya siku, ambavyo kwa kawaida ndivyo vyenye bei kubwa kuliko vyote ukihesabu kwa dakika au kwa MB, na ambavyo kilichobaki hupotea muda ukiisha. Chukua bei ya kifurushi, igawanye kwa MB zake, fanya hivyo kwa cha siku, cha wiki na cha mwezi katika mtandao uleule, na utaona tofauti kwa macho yako.

Hapa kwetu ofisini nawaona wakulima kila msimu. Wanajua kwamba kifurushi cha mwezi kina nafuu, lakini fedha ya korosho huingia benki kwa mkupuo baada ya mnada, kisha miezi mingi hupita mtu akiishi kwa kubangaiza, na anayebangaiza hununua cha siku kwa sababu ndicho anachokimudu. Wewe una mshahara wa kila mwezi, kwa hiyo una uwezo ambao wengine hawana: nunua kifurushi kikubwa cha mwezi siku ileile unayonunua unga na mafuta ya kupikia, kisha wagawie watoto MB kutoka humo. Kugawia mtu mwingine wa mtandao uleule kunaruhusiwa. Masharti ya mwaka 2021 ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, yanamtaka mtoa huduma aweke nafasi hiyo, amjulishe mteja matumizi yakifika asilimia 75 na asilimia 100, na asimkate salio kwa bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yake.

Kuhusu laini saba, naomba uzitazame kwa makini. Zamani ilikuwa busara kuwa na laini ya kila mtandao, kwa sababu kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali mno. Sababu kubwa ilikuwa malipo ambayo mtandao unaopiga huulipa mtandao unaopokea. TCRA iliyashusha malipo hayo hatua kwa hatua, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022, na ndiyo maana sasa dakika za mitandao yote zimejaa ndani ya vifurushi vya kawaida. Watu wengi bado wanabeba laini mbili kwa mazoea ya wakati ule, na kila laini inadai kifurushi chake.

Ikiwa unaogopa kupoteza namba ambayo wazazi wa wanafunzi wanaijua, tangu tarehe 1 Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ileile. Kabla ya kuhama, toa fedha zilizomo kwenye akaunti ya simu, maliza salio, na lipa mkopo wowote wa salio au wa fedha, kwa sababu vitu hivyo havihami pamoja na namba. Na kwa kuwa nimetaja mikopo ya salio: ifute kabisa katika nyumba yako. Anayekopa salio hukatwa na ada juu yake, na familia inayokopa kila wiki inanunua dakika kwa bei ambayo haikuandikwa kwenye tangazo lolote.

Jambo la mwisho nimelipata kwa uchungu. Laini ya baba yangu ilikuwa ikikatwa fedha kila siku kwa huduma ya ujumbe ambayo mzee hakuiomba, au labda aliikubali bila kujua alipobonyeza kitu, na kwa muda mrefu tulidhani anapiga simu sana. Ichukue simu ya bibi, umsomee ujumbe wote ulioingia mwezi huu, na chochote cha kujiunga ambacho hakitambui mkiondoe. Piga pia *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na kwa namba zenu. Mtoa huduma akikataa kuondoa makato, mpelekee malalamiko kwanza yeye mwenyewe na utunze kumbukumbu, kisha ndipo uende TCRA.

Kodi haziepukiki: kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na ushuru wa bidhaa vimo ndani ya kila kifurushi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutonunua MB ambazo zitakufa usiku wa manane bila kutumika.

Fundi wa madishi, Lindi

Dada mwalimu, mimi nazungumzia televisheni tu, maana ndiyo kazi yangu. Kwa heshima zote, shemeji yangu amekosea kutaka kuiondoa yote, kwa sababu hicho king'amuzi cha antena chumbani kwa bibi huenda hakihitaji kulipiwa hata senti. Mitambo ya analojia ilipozimwa, kwa kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, utaratibu uliowekwa ulikuwa kwamba chaneli za kitaifa zisizo za malipo, kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV, ziendelee kuonekana kwenye ving'amuzi vya antena hata kifurushi kikiisha. Nimeingia nyumba nyingi za wazee ambako mtoto aliye mjini hutuma fedha ya kifurushi kila mwezi, na mzee mwenyewe haangalii kitu kingine zaidi ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Acha kifurushi kiishe mara moja, utafute chaneli upya kwa rimoti, na umwulize bibi amekosa nini.

Kama picha itakatikakatika, usikimbilie kulipia kifurushi kikubwa ukidhani itatulia. Sisi wa pwani tunaharibiwa vifaa na chumvi. Fungua kile kichwa cha waya kinachoingia kwenye antena, au kwenye LNB, yaani kile kifaa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi, na ukikuta ukungu wa kijani kwenye shaba, basi tatizo ni hilo. Kata kipande kilichooza, funga kichwa kipya, kizungushie utepe wa mpira na ukielekeze chini ili maji ya mvua yasiingie. Nimeona mteja analipa mwezi mzima huku dishi limesogezwa na upepo wa kusi, na siku zake zinaendelea kuhesabiwa, kwa kuwa king'amuzi huhesabu siku na si saa ulizotazama.

Hicho cha sebuleni kilipieni kwa sababu inayojulikana. Kama sababu ni Ligi Kuu, ligi ina mapumziko yake katikati ya mwaka, na katika majuma hayo hakuna haja ya kulipa kwa mazoea. Mimi ni shabiki wa Namungo na sikosi mchezo wake, lakini ligi ikifungwa na king'amuzi changu kinafungwa. Baadhi ya ving'amuzi vinauza pia kifurushi cha siku au cha wiki, na hapa hesabu ni kinyume cha simu: kwa mtu anayetazama michezo miwili tu kwa mwezi, cha siku ndicho chenye nafuu.

Halafu kuna umeme. King'amuzi kinachokula wati 15 mchana na usiku kinamaliza karibu yuniti 11 kwa mwezi, na vingi haviachi kula umeme ukivizima kwa rimoti tu. Kwa nyumba iliyo katika kundi la wateja wadogo, ambao bei yao nafuu inaishia yuniti 75 kwa mwezi, yuniti 11 ni nyingi. Zima ukutani.

Baba wa watatu, Nachingwea

Nampinga fundi kidogo. Sisi tuliondoa king'amuzi cha kulipia mwaka jana na hatujakirudisha. Habari tunasikiliza redioni, mpira mkubwa nakwenda kuuona kibanda umiza, na watoto wamerudi kusoma jioni. Kila nyumba na hali yake, lakini mume wako hajasema jambo la ajabu.

Mwanafunzi wa chuo, Mtwara

Mwalimu, shikamoo. Naomba niongezee upande wa intaneti, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya zile 103,500 iko huko.

Kinachomaliza MB ni video, na tofauti ya ubora ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Saa moja ya video katika 360p, yaani ubora wa chini, hutumia takriban MB 300, lakini saa hiyohiyo katika 1080p, ubora wa juu, huweza kupita GB 1.5. Kwenye kioo cha simu, somo la hisabati linasomeka vizuri kabisa katika 360p. Waketishe watoto, uingie nao kwenye mipangilio ya programu ya video na uweke ubora wa chini uwe wa kudumu. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe, maana makundi ya harusi na ya ukoo humimina video usiku kucha kwenye simu za watu waliolala. Zima pia video zinazojicheza zenyewe kwenye mitandao ya kijamii, na uruhusu programu zijisasishe pale tu zinapopata waifai.

Kuhusu kuvuta intaneti ya nyumbani, fikiria kama faiba, yaani waya wa intaneti, imepita mtaani kwenu, kwa kuwa nyumba yenye watumiaji watano huanza kupata nafuu hapo. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: kasi inapunguzwa baada ya GB ngapi, na ruta itakuwa mali ya nani ukiacha huduma. Kuchangia na jirani kunapunguza gharama, ila uhakikishe kwanza kwamba masharti yanaruhusu. Hata ukiwa na faiba, usitupe laini zote za simu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima, lakini simu za kawaida ziliendelea kutufaa.

Mwalimu wa Chikongola, Mtwara

Ndugu zangu, nimerudi na hesabu ya mwezi mwingine, na nawashukuru kwa dhati. Mwanangu wa chuo, marahaba.

Tumebaki na laini tano. Mimi nimehama na namba yangu, na mume wangu ameacha laini moja ambayo kwa kweli alikuwa akipigiwa na mtu mmoja tu. Nimenunua kifurushi cha mwezi siku ya mshahara na kuwagawia watoto kila Jumatatu, ingawa wiki ya kwanza mkubwa alimaliza zake siku ya Jumatano, tukalazimika kuzungumza. Kwenye simu ya bibi tulikuta huduma mbili za ujumbe alizokuwa akikatwa kila siku. Alikuwa akidhani ni salamu za mtandao. Simu na intaneti zimeshuka hadi 64,000.

King'amuzi cha antena hatukukilipia. Siku ya kwanza picha ilikuwa ikiganda, na mume wangu alipopanda juu na bisibisi alikuta ule ukungu wa kijani, kama fundi alivyosema. Aliukata waya, akafunga kichwa kipya, na bibi anasikiliza habari zake kama kawaida. Cha sebuleni tumelipia 28,000 kwa sababu ligi bado inaendelea, na tumekubaliana kwamba itakaposimama tutakaa bila kulipa. Jumla ni 92,000, yaani tumeokoa 56,500.

Swali langu lililobaki ni kwa fundi: sasa king'amuzi hicho kinaonyesha chaneli za bure vizuri, je, ninaweza kutumia antena ileile kwa televisheni mbili?

Fundi wa madishi, Lindi

Unaweza, dada. Nunua kigawanyio cha waya cha njia mbili, na kila televisheni iwe na king'amuzi chake cha antena, au iwe televisheni yenye king'amuzi ndani yake kinachopokea mfumo huohuo. Mawimbi hupungua yakigawanywa, kwa hiyo funga kwanza, tazama siku mbili, na picha ikiganda pandisha antena juu zaidi kabla ya kununua kifaa cha kuongeza nguvu.