Rilatine kwa mtoto asiyetulia: tukubali au tuanze na njia nyingine?

Papa wa Ruashi
Ndugu zangu, nawasalimu wote. Shemeji yangu anayeishi Liège atafika Lubumbashi baada ya wiki tatu, naye amejitolea kutuletea Rilatine, dawa ambayo mtoto wake anaitumia huko Ubelgiji kwa ajili ya TDAH, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza fikira. Mwanangu naye hatulii, na mwalimu ametuandikia mara tatu. Mama yake anataka tuanze na ratiba na malezi ya kumwelekeza pale nyumbani, lakini mimi naona mwaka wa shule unapotea. Kati ya njia hizi mbili, ipi ni bora? Shemeji anataka jibu kabla ya Jumapili.

Muuguzi wa Kampemba
Papa Ruashi, umetuomba tukuchagulie nguo bila kutuambia kimo cha atakayeivaa. Ana miaka mingapi, na uzito wake ni kilo ngapi? Ni nani aliyesema kwamba ana TDAH? Je, hatulii shuleni tu, au hata nyumbani na kanisani? Anasikia vizuri na analala vya kutosha? Amewahi kupata degedege? Katika ukoo wenu kuna mwenye ugonjwa wa moyo? Rilatine ni methilfenidati, dawa ileile ambayo kwingine huitwa Ritalin. Huongeza mapigo ya moyo na presha, kwa hiyo maswali haya si ya udadisi.

Papa wa Ruashi
Samahani, Mama. Ana miaka 8, yuko darasa la tatu la shule ya msingi. Sijampima uzito. Neno TDAH alilitaja shemeji kwa simu, baada ya mimi kumweleza barua za mwalimu. Degedege alipata akiwa na miaka 3, alipolazwa kwa malaria kali. Kwa bibi yake kule Likasi anaweza kukaa asubuhi nzima akifungua redio mbovu bila kuinuka.

Mwalimu wa Katuba
Hiyo redio imeshanijibu. Mimi nina watoto 84 katika chumba kimoja, kwa sababu tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na mtoto yeyote anayeketi wa nne kwenye benchi la watu watatu atasukumana na wenzake. Mkae naye, mgawieni kazi vipande vifupi, mwombeni mwalimu amweke mbele. Dawa za Wazungu ni kwa ugonjwa wa Wazungu.

Mama wa Kadutu
Mimi niko Bukavu, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wa maneno yangu. Mwanangu alikuwa na miaka 9 binamu yangu aliponitumia vidonge vya aina hiyo kutoka ng'ambo. Hakuna aliyempima uzito wala moyo. Nilifuata kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtoto mwingine. Wiki ya kwanza tulifurahi, maana daftari lake lilijaa. Wiki ya pili aliacha kula mchana, na usiku alikuwa macho hadi saa saba. Baada ya miezi miwili suruali yake ya shule ilikuwa inashikiliwa na kamba. Nilipompeleka kwenye hospitali moja, walinipa vitamini na kuniambia nina wasiwasi mwingi. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa jingine kabisa: mtoto alikuwa akizubaa ghafla kwa sekunde chache, macho yamekodoka, kisha anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na mwalimu alikuwa akimpiga kwa kutosikiliza. Daktari mwingine aliagiza kipimo cha umeme wa ubongo, wakaona ni kifafa. Sasa anatumia dawa ya kifafa na anasoma vizuri. Fimbo zile alizopigwa bado zinaniuma mimi kuliko yeye.

Mwana wa Kamalondo
Pole sana, Mama, lakini kosa hapo lilikuwa kutompima mtoto. Dawa yenyewe tusiihukumu. Mwalimu naye amekosea: hali hii ipo katika kila bara, na mara nyingi hurithiwa. Anayeweza kukazana na kitu anachokipenda hajathibitisha kwamba hana TDAH, kwa hiyo ile redio haijajibu chochote. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 1999 uliwafuata watoto 579 kwa miezi 14, na waliopewa dawa kwa usimamizi wa karibu walitulia zaidi kuliko waliopata mafunzo ya tabia peke yake.

Muuguzi wa Kampemba
Ni kweli, ila umeishia katikati. Watoto walewale walipoangaliwa baada ya miaka mitatu, tofauti kati ya makundi haikuonekana tena. Tena neno kubwa hapo ni usimamizi: walionwa kila mwezi. Papa Ruashi, shemeji akikuletea maboksi mawili, ya tatu utaipata wapi? Hii ni dawa inayodhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, haiuzwi kama parasetamoli. Na hayo maboksi ni ya mtoto wake. Huyo atameza nini?

Mwalimu wa Katuba
Mbona hakuna anayetaja madini ya risasi? Hapa tumekulia chini ya dohani ya kiwanda cha madini, na ng'ambo ya mpaka, Kabwe nchini Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994 lakini udongo bado una sumu. Risasi huharibu umakini wa mtoto.

Mwana wa Kamalondo
Mwalimu, dakika kumi zilizopita ugonjwa ulikuwa wa Wazungu, sasa ni wa udongo wetu.

Papa wa Ruashi
Nimesoma majibu yenu yote mbele ya mke wangu, naye amecheka kuhusu shemeji. Jumatatu tutampeleka apimwe uzito na masikio, na tutauliza habari ya lile degedege. Shemeji sijamjibu bado. Nikikataa sasa, hatarudi hadi mwaka ujao.

Mama wa Kenya, Lubumbashi
Naomba niulize hapahapa. Binti yangu ni mtulivu mno, hasumbui mtu, lakini kila siku anasahau daftari, na anapoitwa hasikii mpaka aguswe bega. Hiyo nayo inaweza kuwa TDAH?

Muuguzi wa Kampemba
Inaweza, na wasichana wa namna hiyo husahauliwa kwa sababu hawavunji kitu. Ana miaka mingapi, Mama? Na anapoitwa, macho yake huwa yanatazama wapi?